Tafuta Piesi Kabla Ndege Haijalala

Hotuba kwa marubani, mafundi wa ndege na wanafunzi wa ufundi, Lubumbashi

Wazee wetu, mama zetu, wakubwa wa mahanga ya ndege, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti vimekwisha, jambo sana.

Aliyenialika aliniambia, "Mama, utuonyeshe tu ni wapi piesi, yaani vipuri, za ndege ndogo zinapatikana kwa bei ya chini." Ingekuwa ni duka fulani, ningeandika jina lake kwenye karatasi, karatasi ikapita mkono kwa mkono, tukaenda zetu kula bukari. Lakini mimi nimezeekea bohari. Naagiza, napokea, nakagua, naweka rafuni, natoa. Rubani anaijua ndege ikiwa juu, fundi anaijua ikiwa imefunguliwa; mimi naijua kwa namba zake na kwa fakitire zake, yaani ankara. Na nikizipitia fakitire hizo, naona kinachotuumiza mara nyingi si bei ya chuma. Ni haraka. Ndege imelala Manono au Kamina, abiria wamekaa chini ya mwembe, mwenye kampuni anapiga simu bila kupumzika, na hapo ndipo tunaanza kutafuta piesi. Ukiwa katika hali hiyo hakuna bei utakayoikataa. Muuzaji naye si mtoto. Akisikia sauti yako tu anajua ndege iko chini.

Sisemi piesi zenyewe ni rahisi. Cessna 172 ndiyo ndege iliyoundwa kwa wingi kuliko zote duniani, na tangu 1956 hadi leo hazijafika 50,000. Toyota huuza magari mengi kuliko hayo kwa siku chache tu. Kiwanda kinachotengeneza bawaba ya mlango wa Cessna kinatengeneza chache, kinazipima, kinaziandikia cheti, kinalipa bima, kisha gharama yote hiyo inagawanywa kwa wanunuzi wachache. Halafu kuna historia. Mwaka 1986 Cessna iliacha kabisa kuunda ndege za injini moja ya pistoni, kwa sababu kesi za mahakamani Marekani zilikuwa zimeifanya bima iwe mzigo. Mwaka 1994 Bunge la Marekani likapitisha sheria inayosema kwamba, kwa kawaida, ndege ikishapita miaka 18 aliyeiunda hashtakiwi tena kwa ajali yake. Baada ya hapo 172, 182 na 206 zikarudi kiwandani katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. 210 haikurudi. Kwa hiyo wewe mwenye 210 unapolalamika kwamba piesi zako hazionekani, usidhani muuzaji anakuficha. Ndege yako ina umri kuliko huyo kijana anayeifungua, na mama aliyeizaa ameshaacha kuzaa.

Kuna watakaosema: basi tuachane na pistoni, tununue Caravan, ndege ya Cessna yenye injini ya tabini. Ni kweli Caravan bado inaundwa, injini yake ya PT6A inatumia mafuta ya Jet A-1 yale yale ya ndege kubwa, wakati avgas, petroli ya ndege za pistoni, tunaisubiri kwa mapipa na kuilipa kama manukato. Lakini anayesema hivyo hajaiona fakitire ya ukarabati mkuu wa PT6A. Mwenye pesa hiyo hakuja kunisikiliza leo.

Sasa tuingie kazini. Kazi inaanzia kwenye namba.

Mtu akija kwangu akasema "nataka mshikio wa mlango wa 206", namrudisha. Si kiburi. 206 zimeundwa kuanzia 1964, na katika miaka yote hiyo kiwanda kimekuwa kikibadilisha vitu. Katalogi ya vipuri, ile yenye michoro, inakuonyesha kipuri kimoja kina namba hii kwa ndege zenye namba za mfululizo kuanzia hapa mpaka pale, na namba nyingine kwa zilizofuata. Usipoangalia namba ya mfululizo ya ndege yako, unaweza kulipia kipuri kizuri, kipya, chenye vyeti vyote, kikasafiri kutoka Kansas mpaka Luano, kikafika kikakataa kuingia. Kurudisha ni gharama nyingine, na wauzaji wengi wanakata asilimia yao kwa kukirudisha rafuni. Namba nyingine zimeshafutwa na kuwekewa mpya. Ukitafuta ya zamani utaambiwa hakuna, kumbe ipo kwa jina lingine, tena wakati mwingine kwa bei ya chini. Kuuliza hakulipishwi.

Na hapa ndipo nafuu ya kwanza ilipo. Aliyeunda ndege hakuunda kila kitu. Magurudumu na breki za ndege nyingi ndogo ni za Cleveland au McCauley. Magneto, ile inayotoa umeme wa cheche za plagi, ni Slick au Bendix. Betri ni Gill au Concorde. Plagi, tairi, chujio la mafuta, alteneta, kila kimoja kina kiwanda chake. Kiwanda cha ndege kinanunua huko, kinabandika namba yake, kinaongeza faida yake. Kwa hiyo, kabla ya kuagiza, nenda kwenye ndege ukasome kibati kilichopigwa kwenye kifaa chenyewe, uandike jina la aliyekitengeneza na namba yake, kisha uombe bei kwa namba zote mbili. Kipuri ni kile kile, cheti ni halali, ila bei ni mbili. Hii haihitaji ujanja wowote. Inahitaji tochi, kitambaa cha kufuta grisi, na mtu asiyeona uvivu kulala chini ya bawa.

Bolti nitazikalia kidogo, kwa sababu bolti ndizo zinazotuvutia kwenye makosa.

Bolti za ndege nyingi hufuata viwango vilivyochapishwa: AN, MS, NAS. Hizo si mali ya Cessna wala ya Piper. Kiwanda chochote kinachotengeneza kwa kufuata kiwango hicho na kuthibitisha hivyo kinaweza kuziuza, na ndiyo maana ni miongoni mwa vitu vichache kwenye ndege ambavyo bei yake haitishi. Vijana, chukueni kalamu. AN3 ina unene wa inchi 3/16, AN4 ni 4/16 yaani robo inchi, AN5 ni 5/16. Baada ya kistari inakuja namba ya urefu: ikiwa na tarakimu moja ni thumuni za inchi, yaani sehemu za nane, ikiwa na mbili, ya kwanza ni inchi nzima na ya pili ni thumuni. Kwa hiyo AN4-7 ni takriban thumuni saba, na AN4-11 ni takriban inchi moja na thumuni moja. Herufi A mwishoni inamaanisha bolti haina tundu la pini kwenye mkia. Anayejua kusoma hivyo hawezi kuuziwa bolti ya dola moja kwa dola kumi kwa sababu tu imefungwa kwenye mfuko wenye nembo ya kiwanda cha ndege.

Sasa kishawishi. Fundi anakosa AN5, anavuka kwenda kwenye magaraji ya Kamalondo, anarudi na bolti ya lori yenye mistari sita kichwani. Anasema, "Mama, hii ni gredi 8, ina nguvu kuliko ya ndege." Na kwenye karatasi hakudanganya! Bolti ya AN ya chuma cha kawaida huhimili paundi 125,000 kwa inchi mraba kabla ya kukatika. Gredi 8 huhimili 150,000. Lakini bolti ya ndege mara nyingi haivutwi tu. Inakatwa kwa ubavu, na inatikiswa saa nzima, siku nzima, miaka. Chuma kigumu zaidi si lazima kiwe na subira zaidi. Kisha angalia meno. Bolti ya AN imekatwa meno mafupi mkiani, na shina lake laini ndilo linalokaa ndani ya tundu, kwa kipimo cha karibu sana. Bolti ya lori meno yake yanapanda juu. Ukiifunga, meno yanakaa ndani ya tundu na kulisugua, na penye meno ndipo ufa unapopenda kuanzia. Kichwa cha bolti hiyo ya AN ya chuma cha kawaida kina alama ya msalaba au nyota. Ukiona mistari sita kwenye bawa, mwambie rubani asipande.

Nati nazo vivyo hivyo. Zile zenye pete ya nailoni zina mpaka wao wa joto, nyuzi 250 za Fahrenheit, yaani 121 za Celsius. Usizipeleke karibu na ekzosi. Na ukiweza kuizungusha kwa vidole mpaka mwisho, itupe. Ni kitu cha senti.

Niseme pia juu ya kipuri kisichotoka kwa aliyeunda ndege wala injini, ambacho wengi wetu tunakiogopa bure. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, inatoa kibali kiitwacho PMA kwa kiwanda kingine kutengeneza kipuri cha kubadilisha kile cha asili. Kiwanda hicho lazima kithibitishe, kwa vipimo na hesabu au kwa kuonyesha kwamba muundo ni ule ule, kuwa kipuri chake hakipungui kile cha kwanza. Kipuri kinapigwa muhuri FAA-PMA na kinaandikwa kinafaa ndege gani. Superior Air Parts ya Texas inatengeneza silinda za injini za Lycoming na Continental kwa njia hiyo. McFarlane ya Kansas inatengeneza vitu vingi vidogo vya Cessna, reli za viti zikiwemo. Pale mshindani anapotokea, hata kiwanda cha asili hujikuta kimelegeza bei, kwa hiyo PMA inakunufaisha hata usipoinunua.

Nimezitaja reli za viti kwa makusudi. Kiti cha rubani wa Cessna kinashikwa na pini inayoingia kwenye tundu la reli. Tundu likilika, kiti kinaachia wakati pua ya ndege imeinuka, rubani anateleza nyuma huku mikono yake bado imeshika usukani, na usukani unakuja naye. Watu wamekufa hivyo. FAA ilitoa agizo namba 2011-10-09, likichukua nafasi ya agizo la zamani la 1987, kwamba reli, pini na magurudumu ya viti vikaguliwe kila saa 100 au kila miezi 12. Hapo mnaona kipuri kisicho na injini, kisicho na umeme, cha bei ya kawaida kabisa, ambacho mwenye ndege anaahirisha kukibadilisha huku akilipia redio mpya. Mimi ningeanza na reli.

Tukumbuke ndege ya 9Q, yaani iliyosajiliwa kwetu, iko chini ya sheria ya Kongo, ile namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010, na mwenye neno la mwisho ni AAC, mamlaka yetu ya usafiri wa anga. Kabla ya kulipia kipuri cha PMA, au kipuri kilichotumika, nenda kwa mkaguzi ukiwa na katalogi na nakala ya cheti, umuulize kama atakikubali. Muulize kabla. Ukimuuliza baada ya kufunga, utakuwa unambembeleza.

Sasa mizoga. Mnaijua. Karibu kila kiwanja cha nchi hii kina ndege iliyokufa pembeni, nyasi zimeota kwenye gurudumu, watoto wanacheza ndani. Fundi akipita anaona milango, anaona ala za dashibodi, anaona alteneta, roho inamdunda. Tusiwe wanafiki: duniani kote kununua piesi kutoka kwenye ndege zilizovunjwa ni biashara halali na kubwa. Kansas, Ohio, Minnesota kuna kampuni ambazo kazi yake ni kununua ndege zilizoanguka au zilizochoka, kuzivunja, kuvisafisha vipuri, kuviandikia asili yake na kuviuza kwa nusu ya bei au chini ya hapo. Mwenye 210, hao ndio ndugu zako. Hao wanaweza kukwambia kipuri kimetoka kwenye ndege namba gani, ilikuwa na saa ngapi, na ilikufa kwa nini.

Swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Ndege iliyoungua: aluminiamu ya ndege inapata nguvu zake kwa kupashwa joto na kupozwa kiwandani, na moto unaziondoa nguvu hizo bila kubadilisha sura. Kipande kinang'aa, kinapimika sawa, na ni laini kama bati la sufuria. Ndege iliyogonga rafadha chini: Lycoming na Continental wote wanadai injini ifunguliwe na kukaguliwa, hata kama baada ya pale ilizunguka vizuri. Ndege iliyozama: usiguse alteneta wala ala zake. Lakini ndege iliyovunjwa kwa sababu mwenyewe alishindwa kulipia ukarabati wa injini? Mlango wake, kioo chake, kifuniko cha injini, kiti chake, hivyo ni vitu vya kununua kwa furaha, mradi fundi mwenye leseni avikague, karakana iliyoidhinishwa ivitolee cheti, na maagizo yote ya usalama yaangaliwe kwa namba ya kipuri. Chenye ukomo wa saa au kinachozunguka kwa nguvu, kama hakina historia, kiache. Mzoga wa pale kiwanjani ambao hakuna anayejua daftari lake liko wapi hauna kipuri cha kuruka hata kimoja. Una vitu vya kufundishia wanafunzi, na hivyo ni vingi: waacheni vijana hawa wafungue pale kila wanachoweza.

Najua kuna swali limekaa kwenye midomo ya wazee wa Likasi: kwa nini tusizikereze piesi hapa nyumbani? Mafundi waliolelewa kwenye karakana za Panda za Gécamines, kampuni ya madini, wanaweza kukereza chuma chochote ukiwapa mfano. Nawavulia kilemba. Marekani kuna hata sheria inayomruhusu mwenye ndege kushiriki kutengeneza kipuri cha ndege yake mwenyewe, si cha kuuza. Lakini hata huko anatakiwa awe na mchoro ulioidhinishwa, chuma cha aina iliyotajwa chenye cheti chake, na ukaguzi. Kukereza kwa kuigiza kile kilichovunjika ni kuigiza umbo peke yake. Ugumu wa chuma hauonekani kwa kalipa. Basi kazi ya mafundi hao iko wapi? Iko chini ya ndege na kando yake. Jeki za mabawa, vyuma vya kuvutia ndege, ngazi, stendi za injini, vivutio vya beringi, mikokoteni ya betri. Vitu hivyo tunaviagiza ng'ambo kwa bei ya aibu, vinakuja na usafiri mzito, na hapa nyumbani kuna mikono inayoweza kuvitengeneza vizuri zaidi. Jeki ipimwe kwa mzigo kabla ya kutumika, iandikwe uzito wake, basi. Pesa itakayobaki hapo inanunua silinda.

Kuhusu bandia sitasema mengi, maana mtu mwongo ana njia nyingi kuliko dakika zangu. Tarehe 8 Septemba 1989 ndege ya kampuni ya Norway iitwayo Partnair, aina ya Convair 580, ilikuwa inatoka Oslo kwenda Hamburg. Ilivunjika mkia angani ikaanguka baharini karibu na Denmark, watu 55 wakafa wote. Wachunguzi walikuta kwamba baadhi ya bolti za kushikia mkia hazikuwa za kiwango kinachotakiwa. Bolti tena, mnaona. Na mwaka 2023 ikagundulika kwamba kampuni moja ya London, AOG Technics, ilikuwa imeuza vipuri vya injini za CFM56, zile za Boeing 737 na Airbus A320, kwa vyeti vya kughushi, na mashirika makubwa yakalazimika kufungua injini. Kama waliopita njia hiyo ni mashirika yenye jengo zima la wakaguzi, mimi na wewe tusijidai.

Kwa hiyo nikipokea boksi, kabla sijalifurahia, nachukua cheti, FAA 8130-3 ya Marekani au EASA Form 1 ya Ulaya, nasoma namba ya kipuri, namba ya mfululizo, hali yake: mpya, kimekarabatiwa, au kimekaguliwa tu? Nalinganisha na kipuri chenyewe, herufi kwa herufi. Muuzaji mmoja aliwahi kunipelekea silinda ya bei tamu sana. Cheti kilikuwa kizuri, muhuri upo, sahihi ipo. Namba ya mfululizo kwenye cheti ikaisha na 4, kwenye silinda ikaisha na 1, na kwenye chuma palikuwa na alama za kukwanguliwa. Nilimwandikia aliyetajwa kwenye cheti. Akajibu kwamba silinda hiyo hakuigusa kamwe. Barua mbili tu, hazikunigharimu kitu. Tangu 2006 kampuni zilizopewa cheti na nchi yetu zimezuiwa kuruka katika Umoja wa Ulaya, na mnajua watu wanatusemaje tukiingia kwenye mikutano ya nje. Jalada la karatasi safi ndiyo njia pekee ambayo mtu wa bohari anayo ya kujibu.

Njia za kuleta. Sisi wa Lubumbashi tumebahatika kuliko ndugu zetu wa Bukavu na Goma: kusini kuna Afrika Kusini yenye karakana na maduka ya ndege Lanseria, Rand na Wonderboom, na barabara inapita Zambia mpaka Kasumbalesa. Kaskazini-mashariki kuna Wilson, Nairobi, ambako ndege ndogo ndizo wenye nyumba. Kitu kizito kisicho na haraka kipande lori kutoka kusini. Kitu chepesi kipande ndege. Magneto inayotakiwa kukaguliwa kila saa 500 usiisubiri ifike 500. Ipange safari pamoja na vitu vingine ikiwa bado na saa za kutumia, ndege ikiwa kwenye matengenezo hata hivyo.

Kwenye forodha, fakitire iliyoandikwa tu "vipuri" inamwachia afisa wa DGDA achague mwenyewe, na vipuri anavyoviona kila siku Kasumbalesa ni vya magari. Andikeni kodi ya bidhaa, ile namba ya forodha, si ushuru. Vipuri vya ndege viko kwenye kifungu 8807 tangu marekebisho ya 2022 ya orodha ya forodha ya dunia. Zamani ilikuwa 8803, na mawakala wengi bado wanaandika ya zamani, mzigo unasimama. Rafadha ni 8807.10, vifaa vya kutua 8807.20, vipande vingine vya ndege 8807.30. Piesi za injini ya pistoni ya ndege ni 8409.10. Tairi za ndege ni 4011.30. Mwambie muuzaji aandike namba hiyo kwenye fakitire, pamoja na aina ya ndege na namba yake ya 9Q. Mzigo unaolala forodhani unalipiwa kila usiku, na usiku huo haumo kwenye bei uliyoshangilia.

Jambo dogo ambalo linakula pesa kimya kimya: piesi ya kurudisha. Ukinunua stata au alteneta iliyokarabatiwa, muuzaji anakutoza amana mpaka umrudishie ile mbovu. Yetu mbovu inabaki kwenye kona, imejaa mafuta, miezi inapita, amana inaliwa. Siku mpya inapotoka kwenye boksi, mbovu iingie kwenye boksi lile lile, na hati za kuitoa nchini zianze siku hiyo hiyo.

Nimefika kwenye lile lililonileta. Kila hanga la hapa linaagiza peke yake. Huyu ameagiza plagi wiki hii, yule wiki ijayo, kila mmoja analipa usafiri wake, wakala wake, usiku wake wa forodha. Mama zetu sokoni walishatatua jambo hili kwa likelemba, ule mchango wa kupeana kwa zamu, bila kwenda chuo. Napendekeza tufanye likelemba ya piesi. Si pesa ya kugawana. Ni oda moja kila robo mwaka. Tuchukue vile vitu ambavyo kila mtu anajua vitakwisha: plagi, machujio, tairi na tyubu, pedi za breki, gasketi za silinda, bolti na nati za AN. Oda ikiwa kubwa, muuzaji anashusha, usafiri unagawanywa, wakala anafungua jalada moja.

Nasikia mtu anasema hatutaaminiana. Tutaandikiana. Cheti kimoja kikihudumia plagi zilizogawanywa kwa mahanga matatu, kila hanga libaki na nakala yenye namba ya kundi, na asilia ikae mahali pamoja panapojulikana, mkaguzi akija aione. Hanga likikopesha piesi kwa jirani, iondoke na karatasi yake. Na tusijaze bohari kwa tamaa. Mpira unazeeka hata ukiwa rafuni: mipira ya mafuta, pete za kuzibia, tairi. Tairi zikae gizani, mbali na mota za umeme, kwa sababu ozoni inayotoka kwenye mota inapasua mpira. Kinachoingia kwanza kitoke kwanza.

Kwenye meza ya mlangoni kuna daftari. Kila hanga liandike aina ya ndege, namba ya mfululizo ya ndege na ya injini, na vitu mtakavyohitaji kabla mvua hazijaanza mwezi wa kumi na moja. Andikeni namba ya kipuri kutoka kwenye katalogi, na pembeni jina la aliyekitengeneza kama mmelala chini ya bawa mkaliona. Anayeandika "mshikio wa mlango" nitamrudisha. Daftari linafungwa Ijumaa saa kumi, Jumatatu nalipeleka AAC wakalione kabla hatujalipa hata faranga moja. Mwenye swali sasa anyooshe mkono, tuanze na vijana wa nyuma maana wamesimama muda mrefu.